Nani Alikata Uzi wa Manjano

Vijana mafundi, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya faiba, nyaya za intaneti, na hasa kuhusu Mzee Idrisa, maana arobaini yake inakaribia na mnataka yasomwe mambo mazuri. Mmekosea mtu. Wapo wastaafu wengi hapa Kasulu ambao wangewaandikia kitu cha kuwatia moyo. Mimi nina nyongo. Anayeweza kuimeza asome, asiyeweza aache hapa hapa, sitamsema.

Kwa wale ambao hawanijui, mimi ni Skolastika, mzaliwa wa Heru Juu. Mjini wananiita Mama Faiba, hata wale wasiojua faiba ni mnyama gani. Nilianza na simu za waya wa shaba, nikapanda nguzo nikiwa nimevaa suruali chini ya kitenge, kwa sababu marehemu mama hakutaka mtu wa parokiani anione. Nikiwa juu ya nguzo kitenge nilikifunga kiunoni. Nikishuka nakikunjua, naingia nyumbani kama mwanakwaya. Mama alikufa akiamini mwanawe anapokea simu ofisini.

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja, na siyo Idrisa. Aliitwa Dismasi. Alisingiziwa kwamba alikata uzi ndani ya konekta, kile kichwa cha kebo kinachochomekwa kwenye mashine, uzi ambao urefu wake hauzidi ukucha, na kwa ajili ya uzi huo akakosa nafasi ya kubaki katika nchi pekee aliyoijua. Aliyemsingizia ni Idrisa. Nimelisema mapema ili msije mkalalamika nimewazungusha.

Lakini kwanza niwaambie uzi wenyewe, maana naona mnaudharau. Juzi nilisimama sokoni nikamtazama mmoja wenu akifunga kebo kwenye duka la simu. Alichuna ganda, akaziona nyuzi, akazikata zote kwa wembe na kuzitupa chini. Nilitamani kumvua kofia nimpige nayo.

Kebo ile ndogo ya ndani ya nyumba ukiichuna unakuta nyuzi laini za manjano, zinafanana na nywele za hindi bichi. Katikati yake ndipo ulipo unywele wa kioo, na huo ndio unaopitisha mwanga. Kioo hicho hakikuumbwa kuvutwa. Ukikivuta kinakatika, au kinachomoka kwenye gundi, na hakikupi hata taarifa. Kazi ya kuvumilia kuvutwa ni ya nyuzi. Ndiyo maana inabidi nyuzi zibanwe kwenye shingo ya konekta, ili mtu akijikwaa kwenye kebo, akisogeza meza, au mtoto akibembea nayo, mvuto uishie kwenye uzi usifike kwenye kioo.

Kabla hujachuna chochote, ingiza kwenye kebo kile kimkia cha mpira na kipete cha chuma. Ukisahau utamaliza kazi yote, kioo kimekaa, gundi imekauka, ukigeuka unakiona kipete kiko mezani kinakutazama. Kila mmoja wenu atasahau, na atasahau siku ambayo mteja amesimama nyuma yake. Ukishachuna, zirudishe nyuzi nyuma, upunguze urefu, lakini uache kama ukucha wa kidole gumba. Kioo kikishaingia, zitandaze nyuzi kuzunguka shingo yote, zisilale upande mmoja. Sukuma kipete kizifunike, kisha bana kwa koleo lake. Koleo lake, nasema, siyo plaizi ya kukazia nati za baiskeli. Plaizi inakilaza kipete bapa, nyuzi zinashikwa huku, kule zinateleza. Ukimaliza, vuta, wala usiionee huruma. Ikichomoka mkononi mwako ni aibu yako peke yako, ikichomoka kwa mteja unatuaibisha wote.

Maneno hayo siyo yangu. Ni ya Idrisa, karibu neno kwa neno, na sitamnyima haki yake. Kwao ni Ujiji, baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa Kasulu, na alikuwa na ndugu Tanga aliokuwa akienda kuwasalimia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi Waha tuliona haya kufungua midomo mbele yake. Yeye akisema "tafadhali" unasimama wima. Mimi nilipokuwa nabana konekta alisikiliza tu sauti ya koleo, hata hatazami, anasema, "Rudia." Nabana nyingine. "Rudia." Nilirudia mpaka kiganja kikafanya malengelenge, na jioni nikashindwa kusonga ugali wa muhogo, mume wangu akasonga mwenyewe huku ananung'unika.

Alikuwa na mkasi wake wa kukatia uzi huo. Mkasi wa kawaida hauukati, uzi unajikunja katikati ya makali na kutoka umechanika-chanika. Ule wa Idrisa ulikuwa maalumu, umefungwa kwenye kitambaa safi, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Fundi mmoja aliwahi kuuchukua akakatia kamba ya kiatu. Idrisa hakuitikia salamu yake mpaka mfungo ukaanza na kuisha. Siku ya Idi ndipo akampa mkono, na hapo bado alimtazama vidole kwanza.

Nilimpenda mtu yule kama kaka wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo nyongo yangu haijaisha. Mtu usiyempenda akikutenda vibaya unasonya unapita.

Sasa Dismasi. Alikuja kwetu kama kibarua wa kuchimba mtaro, akitokea kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, na huyo mama alifia kambini. Burundi aliijua kwa masimulizi tu. Kirundi chake na Kiha chetu ni jirani, kwa hiyo akiwa sokoni anabishania bei ya samaki wa migebuka usingemtofautisha na kijana wa hapa hapa Murubona. Kambini alikuwa anatengeneza redio, vidole vyake vimezoea vitu vidogo. Siku moja Idrisa akamkuta amekaa kwenye ukingo wa mtaro anachezea kipande cha kebo, amezitenganisha nyuzi moja moja bila kuukata unywele. Akamwambia atoke kwenye mtaro, akamkalisha mezani. Mvua za mwaka ule hazijaisha, Dismasi alikuwa ananishinda kubana, na mimi si mtu wa kukubali kirahisi. Nilikuwa nakagua kazi yake nikitafuta kosa kwa makusudi, yeye anacheka tu, "Dada Skola, vuta tena, labda ya pili itakupa unachotaka."

Alikuwa na tabia moja. Kebo nene, ile ya kwenye mtaro, ina uzi mwingi wa manjano, na ukikata mabaki unabaki na mafungu marefu ambayo sisi tulikuwa tunayachoma na takataka. Dismasi akaona ni hasara. Akawa anayakusanya na kuyagawa. Fundi viatu wa pale sokoni akawa anashonea ndala na makubazi. Warina asali wa upande wa Kibondo walikuwa wanaomba kwa ajili ya kuning'inizia mizinga, wanasema hauozi na mvua wala mchwa hauli. Baada ya muda ukitembea Kasulu unaona miguu ya watu ina mshono wa manjano. Mimi nilikuwa na makubazi hayo. Idrisa pia, tena yeye alipeleka jozi mbili.

Ikatangazwa kwamba Mtabila inafungwa na watu wanarudi kwao. Dismasi akawa anakuja kazini hali chakula. Arudi kwao wapi? Idrisa akamwita mbele yangu, akamwambia asihangaike. Kampuni ilikuwa na meneja kutoka mkoa mwingine, mtu wa haraka ambaye hapa alimsikiliza Idrisa tu. Idrisa akasema tukimaliza kazi ya Kibondo atazungumza na meneja, kampuni imwombee Dismasi kibali kama fundi, abaki afanye kazi. Hakuahidi kwamba kibali kitatoka, ila aliahidi kumsemea. Dismasi alipiga magoti na kupiga makofi taratibu kama tunavyofanya Uha mbele ya mkubwa, na Idrisa, mtu wa Ujiji, akaona aibu akamwinua.

Kuanzia siku hiyo Dismasi alifanya kazi ya watu wawili. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga stoo.

Kazi ya Kibondo ilikuwa jengo moja la ofisi, sitalitaja. Nyaya zote zilikuwa zinaishia kwenye kabati moja na kutoka hapo kwenda kwenye meza za watu. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuzindua. Tulienda mimi na Idrisa, Dismasi tukamwacha hapa Kasulu amalizie upande wa huku. Barabara enzi hizo ilikuwa vumbi tupu, tulifika Kibondo tuna rangi ya matofali.

Tukaanza kufunga konekta, na ule mkasi maarufu ukakataa. Ulikuwa umechoka, makali yamekwisha, na mpya ulioagizwa ulikuwa haujafika. Idrisa akajaribu, uzi ukatoka umechanika, umejaa kama pamba, kipete hakipiti. Akajaribu tena, hali ile ile. Watu wa jengo wanapita na viti, wanatundika vitambaa, wanatuuliza bado. Nikamshauri tuwaambie wasubiri, gari lirudi Kasulu lilete mkasi wa stoo aliokuwa anautumia Dismasi. Yeye akatoa wembe mfukoni, akazikata nyuzi zote usawa wa ganda, hakuacha hata kidogo. Akaingiza kioo kwenye gundi, akasukuma kipete kitupu, akakibana kwa koleo lake vizuri kabisa. Kwa nje ilikuwa konekta nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Nikasema, "Kaka Idrisa, hiyo ndani haina kitu."

"Gundi itashika mpaka wageni waondoke," akasema. "Tutarudi kuzirekebisha."

Akazifunga zote hivyo hivyo, kabati zima. Tukaweka kipima mwanga, mwanga ukapita bila tatizo, kwa sababu kipimo kile kinapima mwanga tu, hakijui kama kuna kitu kimeshika. Wageni wakaja, wakapiga makofi, tukanywa soda. Kurudi kurekebisha hatukurudi. Kila nilipomkumbusha kulikuwa na kazi nyingine mbele, na baadaye akaanza kunijibu kwa kunitazama tu.

Ofisi ile nayo ikaanza kuishi maisha ya ofisi. Watu wakahamisha meza, mfagiaji akavuta kebo iliyomzuia, mtu akasukuma kabati ili ubao wa matangazo upate nafasi. Konekta zikachomoka moja baada ya nyingine, kioo kinatoka peke yake kwenye gundi. Wakalalamika mpaka meneja akaenda mwenyewe, akafungua, akaona vipete vitupu. Akarudi Kasulu amefura, akatukusanya wote uani kwenye stoo na kuuliza ni nani aliyefanya upuuzi ule.

Nilimtazama Idrisa nikisubiri aseme. Naapa nilijua atasema.

Akasema ni Dismasi. Akasema Dismasi anakata uzi wa kampuni na kuwagawia mafundi viatu na warina asali, mji mzima unajua, na yeye amekuwa akimvumilia kwa huruma tu. Nakumbuka watu wote uani wakaangalia miguu yao. Nusu yetu tulikuwa na mshono wa manjano. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa makubazi yale, anasema maneno yale.

Mnaona jinsi uwongo ule ulivyokuwa na akili? Ulikuwa na ukweli ndani yake. Dismasi alikuwa anagawa uzi, hilo hata mbuzi wa sokoni walijua. Lakini alikuwa anagawa uzi mrefu wa mabaki, wa kwenda kuchomwa moto. Nikasimama nikasema hivyo. Nikasema uzi wa ndani ya konekta ni urefu wa ukucha, nani atashonea kiatu uzi wa urefu wa ukucha, nani ataning'iniza mzinga? Kuna waliocheka. Nikasema Dismasi Kibondo hakuwepo, alikuwa hapa Kasulu. Nikasema aliyekata ni Idrisa kwa wembe, na tochi niliishika mimi.

Idrisa hakukasirika. Akageuka kwa meneja, akasema kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka kwamba siku ile Skola alikuwa na homa, alilala ndani ya gari sehemu kubwa ya kazi, na Dismasi alikuja baadaye kwa lori la saruji kumsaidia. Akasema ananielewa, kijana yule ni kama mdogo wangu. Mimi maneno yananigongana, nachanganya na Kiha, kitenge kinanifunguka. Nadhani mgeni yeyote angepita pale angesema mwongo ni mimi. Meneja ndivyo alivyosema, ingawa alisema kwa adabu.

Akamgeukia Dismasi, akamuuliza ana la kusema. Dismasi alisimama mikono nyuma, akasema kama fundi Idrisa amesema, yeye hana la kuongeza.

Nilimfuata nyuma ya stoo nikamshika shati. Nilitaka kumpiga, niwaambie ukweli. Nikamuuliza kwa nini hajitetei.

"Dada Skola, wewe una kwenu," akaniambia. "Mimi mwenye kunisemea ni yule mmoja tu. Nikimwita mwongo mbele ya watu, nani atanisemea?"

Bado alikuwa anaamini. Alidhani Idrisa amebanwa tu mbele ya meneja, na mambo yakipoa atatimiza ahadi yake. Akaendelea kuja kazini, anafagia stoo, kwa sababu koleo alishanyang'anywa. Anamsalimia Idrisa kwa heshima ile ile. Idrisa anaitikia na kupita. Nilienda kwa meneja peke yangu, nikamwambia twende Kibondo sasa hivi atazame mikato, wembe unakata tofauti na mkasi, na Dismasi hajawahi kutumia wembe. Akaniambia, "Mama, hilo limekwisha," na kwamba kampuni haiwezi kumwombea kibali mtu anayehujumu kazi. Haikuchukua muda nikahamishiwa Kakonko kuvuta kebo juu ya nguzo, umri wangu ule.

Siku za mwisho za Mtabila nilikwenda kumuaga, nimebeba unga na dagaa. Watu walikuwa wanafunga virago, wengine wanabomoa milango waliyoitengeneza wenyewe waende nayo. Dismasi alikuwa hana mengi ya kufunga. Tulikaa kwenye magunia yake, hatukuongea sana. Nikamwambia kule nako faiba itafika, atapata kazi. Akasema labda. Nilipoinuka ndipo akasema kitu ambacho nimetembea nacho mpaka leo.

"Watu wakiulizana, uwaambie sikukata mimi."

Nikampa namba yangu, akanipa ya jamaa yake aliyetangulia. Sikuwahi kuipata. Nimeijaribu mara nyingi, kwenye simu zangu zote nilizowahi kumiliki. Sijui kama alifika alikokuwa anakwenda, sijui kama yu hai. Nikikutana na madereva wanaovuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi nawauliza kama wamesikia fundi wa jina hilo, wanacheka, wananiambia, "Mama, huko akina Dismasi ni wengi."

Mimi niliendelea na kazi, kwa sababu tumbo halina kiburi. Niliporudishwa kutoka Kakonko nikapangiwa Kibondo, na kidogo kidogo nikazibadilisha konekta zile zote mwenyewe, kila moja nikiifungua naikuta haina kitu. Idrisa alipanda, akawa msimamizi wa wilaya zote huku juu. Alinisalimia kila siku kana kwamba hakuna lililopita. Sikukuu ya Idi alinitumia pilau nyumbani. Nyie mmelelewa, mnajua sahani ya jirani hairudishwi tupu, unaweka hata mayai au maharage. Mimi niliiosha ikang'aa nikairudisha tupu. Sikukuu iliyofuata akatuma tena, nikaosha tena, nikairudisha hivyo hivyo. Mkewe alinichukia kwa hilo, na sijui kama Idrisa alimwambia sababu.

Halafu akastaafu, akaanza kuwafundisha nyie kwenye kibaraza chake. Nawasikia mnavyosema, Mzee Idrisa alitufundisha bure, Mzee Idrisa hakuficha ujuzi. Ni kweli. Aliwafundisha yote. Kila nilipopita hapo nilisikia lile neno lake, "Rudia," na nikaongeza mwendo, kwa sababu alikuwa anafundisha sawasawa, ila hakuwahi kuwaambia nini kinatokea fundi akiogopa. Nilipowaambia wawili watatu wenu habari za Kibondo mlinijibu kwa upole, mkaniletea kiti, mkadhani ni wivu wa wastaafu.

Sukari ilipomlaza, alimtuma binti yake Mwanaidi aje kuniita. Sikutaka kwenda. Mume wangu akasema mgonjwa haitwi mara mbili, basi nikavaa nikaenda. Nilimkuta amekwisha, ile shingo ndefu imebaki mishipa. Mwanaidi akatuachia chumba.

"Skola, unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Unajua."

"Najua. Nataka nisikie kwako."

Akageuzia macho kwenye chandarua. Kisha akasema, sauti ndogo, "Nilikata mimi. Niliogopa kazi itaniponyoka. Nikasema moyoni, yule hata hivyo anaondoka."

Hilo la mwisho sikulitarajia. Miaka yote nilidhani alisema uwongo kwa hofu, akashindwa kuurudisha. Kumbe alipiga hesabu. Aliangalia uani pale, akachagua mtu ambaye hataachwa abaki nchini, wala hatakumbukwa.

Nikamwambia, "Mimi hukunikosea sana. Ulinipeleka Kakonko, nikapanda nguzo, nikarudi. Uliyemkosea ni Dismasi, na msamaha wake mimi sinao wa kukugawia."

Akauliza yuko wapi. Nikasema sijui. Akalia, na mimi nikalia, msidhani nina moyo wa jiwe. Nikamshika mkono nikamwambia jambo moja bado analiweza. Nikamwambia kesho nitawaleta vijana wake, wote, wakae hapa kwenye mkeka, awaambie hivi alivyoniambia mimi, maneno yale yale. Angalau jina la Dismasi lisafishwe na mdomo ule ule uliolichafua.

Akautoa mkono wake.

"Wataniona mtu gani, Skola?"

Nikamwita Mwanaidi amgeuze ubavu, nikaaga, nikaenda zangu. Hakutuma mtu kuniita tena.

Siku ya mazishi nilikuja, mliniona. Nilimenya viazi na wanawake wenzangu, nikateka maji, kwa sababu msiba ni msiba. Jeneza lilipotolewa uani kabla ya kwenda kuswaliwa, mjomba wake kutoka Ujiji akasimama akasema maneno yanayosemwa siku zote: marehemu alikuwa mtu wa watu, ni fundi, ni mwalimu, lakini alikuwa binadamu, kama kuna ambaye yeye alimkosea kwa ulimi au kwa mkono, amsamehe. Akauliza, je, mmemsamehe?

Mkaitikia wote, "Tumemsamehe." Nyie vijana ndio mlioitikia kwa sauti kuliko wote, mlikuwa mmeshalibeba jeneza mabegani.

Mama aliyekaa karibu yangu kwenye mkeka alinigusa goti, akaninong'oneza, "Mama Faiba, itikia." Mjomba akauliza mara ya pili, kama ilivyo desturi, na uwanja mzima ukajibu tena. Nilifunga mdomo. Niliinamisha kichwa mpaka mlipotoka naye getini, kwa sababu swali lile lilikuwa la Dismasi, na Dismasi hakuwepo kuulizwa.